Sumaku Kwenye Mfuniko wa Mashine

Madale,
Dar es Salaam.
Jumamosi, 15 Machi 2025.

Mpendwa Shangazi Adelina,

Shikamoo. Habari za Masasi na za shamba? Goti lako linaendeleaje, unaweza kupiga magoti kanisani sasa? Huku nyumbani wote wazima, mama anakusalimia. Mie pia ni mzima, ila nimechoka, mwili na moyo.

Tangu nimalize kidato cha nne nashona mifuko kwenye kiwanda cha chakula cha kuku anapofanya kazi kaka Edgar, mwanao. Vumbi la pumba linaingia hadi masikioni. Nikirudi naoga, nakula, nalala. Sina mengi ya kusimulia zaidi ya hili moja, na linamhusu yeye.

Kaka anasimamia mashine inayolisha mahindi kwenye kinu. Ni pipa kubwa la chuma, na ndani yake kuna parafujo ndefu inayozunguka na kuyasukuma mahindi. Mfuniko wake una swichi. Ukiufungua tu, mashine inazimika, na haiwezi kuwaka mpaka uufunge na kwenda kuiwasha upya kule ukutani. Mahindi yakiwa na unyevu hukwama kila mara, na watu wanachoka na hiyo safari. Kwa hiyo walitoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, wakaibandika kwenye swichi. Mashine inadhani mfuniko umefungwa siku zote. Mgeni akianza kazi anaonyeshwa sumaku kabla hata ya kuonyeshwa choo.

Jumanne umeme ulikatika. Kaka akafungua mfuniko, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko kutoa donge lililokwama. Kitufe cha kuwashia kule ukutani hakikuwa kimezimwa. Umeme ukarudi, parafujo ikazunguka. Ilinasa ovaroli yake, ikachana mkono wa nguo wote hadi begani, naye akajivuta. Shangazi, alitoka na michubuko tu. Nilikuwa karibu, niliona yote. Yeye alicheka. Akaniambia, "Dogo, mama kule Masasi asijue. Atapanda basi leo leo."

Kesho yake niliwahi kufika, nikaing'oa ile sumaku. Mashine ikawa inazimika kila wakifungua, kelele zikaanza. Mfaume, msimamizi wetu, akauliza nani kaichukua. Unanijua mie, hata darasani nilikuwa sinyooshi mkono. Nikasema, "Mie."

"Wewe mshona mifuko?" akasema Mfaume. "Haya, mhandisi, tupe na maagizo mengine!"

Wote wakaangua kicheko. Kaka Edgar hakucheka. Alisema, "Umekuja juzi tu, unanidhalilisha mbele za watu. Rudisha."

Sikurudisha. Nilikuwa nimeshaitupa mtaroni. Tangu hapo hanisemeshi, kazini wala nyumbani. Nikimpakulia chakula anamwita mama ampakulie kingine. Na jana nilimsikia akimwambia Mfaume kwamba amepata sumaku nyingine, ataiweka Jumatatu.

Nimechoka kumwomba mtu asiyeniitikia. Kwa simu siwezi kukueleza, nyumba yetu unaijua, neno lolote linasikika chumba cha pili. Ndiyo maana barua hii nampa Marijani, jirani yetu. Anapanda basi kesho alfajiri pale Mbezi Luis, na ameahidi kukuletea mkononi jioni hiyo hiyo.

Ukimaliza kusoma, tafadhali mpigie kaka. Usimfokee, atakata simu. Mwambie tu aiache swichi ifanye kazi yake, na hiyo safari ya ukutani aivumilie. Wewe hajawahi kukukatalia.

Wala usifiche kwamba ni mie niliyekuandikia. Akininunia mwaka mzima nitavumilia. Nisichoweza ni kukuandikia tena kwamba amepoteza mkono, na mie nilikuwa najua.

Nisalimie Babu Leonardi, Stephano na Gladness. Mungu aitunze nyumba yako, na Jumatatu asubuhi asimame karibu na kaka.

Mimi binti yenu ninayekupenda,
Flaviana