Gauni la Kijani Lililotolewa Sadaka

Mama Darmi,

Salaam aleikum. Ulizoea kunisikia nikikusalimu hivyo kila asubuhi, mimi Mmeru wa kanisa, na wewe ukinitania kwamba siku moja nitasilimu bila kujua. Leo hakuna wa kuitikia, lakini sijui kuanza vingine.

Sijalia. Nakuambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu. Siku uliyozikwa nilichemshia wageni chai sufuria tatu, nikaosha vikombe, nikaenda nyumbani nikalala. Kesho yake nikafungua duka. Mteja mmoja wa ofisi za kaunti alikuja kuchukua suruali, akauliza mwalimu wangu yuko wapi. Nikamwambia amefariki, kisha nikamuuliza kama kiuno kimemkaa sawa. Akaniangalia vibaya. Niko hivyo siku hizi, kama mdomo uliochomwa ganzi kwa daktari wa meno. Ukiniuma sisikii.

Mambo hapa Wabera hayajabadilika sana. Lami imefika mpaka mbele ya duka, kwa hivyo pazia la mlango nalifua mara moja kwa wiki badala ya kila siku. Mashine yako nimeifunika, nashonea yangu. Karatasi zako za kukatia nguo zote ziko, zile ulizokata kwenye mifuko ya simiti. Watu walitucheka sana, unakumbuka? Tulikuwa tunanunua magauni ya mitumba ya enzi za nyanya zetu, yale hakuna mtu anataka, tunafumua mshono kwa mshono, tunapiga kila kipande pasi na kukichora. Halafu tunashona upya kwa mapazia na mashuka ya bei ya kutupa. Waliocheka ndio walirudi kuagiza za Idi na za Krismasi.

Lile la kijani tu ndilo ulikataa tulifumue. Lile la kola pana na kiuno cha vipande sita. Ulisema, "Hili tuliache zima, Kendi. Aliyelishona hakuwa na haraka." Ukawa unalivaa wewe mwenyewe. Darmi wako akawa analitamani, na alipopata mchumba akasema hataki lingine, anataka kama lile la mama. Ukamwahidi. Ukamtafutia mapazia ya rangi ya maziwa, mazito, yasiyo na doa, ukaringa nayo wiki nzima. Kisha ukaugua, ukaenda kabla hujagusa mkasi.

Sasa nikuambie nililofanya. Siku ya saba dada yako alikuja kutoka Garbatulla kukusanya nguo zako zitolewe sadaka. Akapita dukani kuuliza kama kuna yako yoyote huku. Mimi nilikuwa naweka vifungo. Nikamwonyesha kwa kidole begi iliyokuwa nyuma ya mlango, kama mtu anayeelekeza mgeni choo. Sikuifungua. Sikuuliza mna nini ndani. Akaibeba, akaniombea dua, akaenda.

Darmi alipoleta yale mapazia na kusema tuanze, ndipo nikakumbuka kwamba lile la kijani lilikuwa kwenye begi. Karatasi yake hatukuwahi kuchora. Nikamwambia yote, na kwamba ni mimi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Nikasema nitazunguka mji mzima nilitafute, nimwombe aliyepewa anirudishie.

"Sadaka hairudishwi," akaniambia. "Ukienda kuidai, unamnyang'anya mama."

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Akasema nimshonee lolote tu. Lakini hilo lolote halikuwa ahadi yako, na mapazia yalitosha gauni moja. Nikikosea hakuna mengine.

Nililiona siku ya soko. Mama Ekiru, yule Mturkana anayeuza makaa nyuma ya msikiti, alikuwa amelivaa kazini. Kola yako pana imejaa vumbi la makaa, na upindo ameushikisha kwa uzi mweusi. Nilisimama hapo nikingoja nihisi kitu. Nilichohisi ni kwamba upindo umeenda kombo.

Nikamsalimia, nikamwambia silitaki gauni, ni lake. Nataka tu kulichora. Akasema havui. Watu washawahi kumpa nguo asubuhi na kuzifuata jioni. Basi nikamwomba aje dukani asimame nalo mwilini, na mimi nitamshonea sketi. Akakubali. Akasimama kwenye kile kibao chako cha kupimia wateja, mikono imeinuka kidogo, na mimi nikamzunguka na pini na magazeti, kipande baada ya kipande. Kwa nyuma alikuwa na kimo chako. Nilichora mgongo wote bila kuinua macho.

Alipoondoka nikatandaza karatasi mezani. Bega la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, upana wa kidole kimoja. Nikasema ni pini zangu. Nikamkimbilia Mama Ekiru, nikampima tena palepale kwenye magunia yake, watu wakitutazama. Kidole kimoja. Na mabega yake mwenyewe yako sawa kabisa, nguo ndiyo ilikuwa inajikunja hapo.

Kumbe ulilifumua, Mama Darmi. Mahali pamoja tu, kimyakimya, ukashusha mshono ulifuate bega lako lililolala kwa miaka ya kuinamia mashine. Miaka saba nimekaa kando yako na sikuwahi kuona kwamba bega moja limeshuka. Mimi fundi.

Bega la Darmi halijashuka. Ana miaka ishirini na tatu, amenyooka kama rula. Nilikaa na mkasi mpaka adhana ya adhuhuri ikapita. Ningeacha mstari wako ulivyo, nguo ingemvuta shingoni siku yake kubwa. Nguo hukatiwa anayeivaa, wewe ndiye ulinifundisha. Nikachukua chaki, nikapiga mstari mpya juu ya wako, sawa na wa kulia. Nikakata mapazia.

Hapo ndipo ulikufa kwangu. Siku ya mazishi nilikuwa napika chai. Hata hapo machozi hayakuja, lakini ilibidi niweke mkasi chini, nishike meza.

Gauni lilimkaa Darmi vizuri kuliko lilivyowahi kukukaa, nisamehe. Alijigeuza mbele ya kioo, akauliza, "Ni kama lile la mama?"

"Ni lilelile," nikamwambia.

Nilimdanganya kidole kimoja.

Ile karatasi haijafutwa. Ina mistari yote miwili, wako na wangu. Nakuahidi, siku Darmi atakapokuwa na nguvu ya kuangalia, nitaitandaza mbele yake, niweke mkono wake juu ya ule mstari wa chini, nimwambie huyu ni mama yako. Labda siku hiyo tutalia wote wawili.

Kwaheri, mwalimu wangu. Mungu wako na wangu akupumzishe hilo bega.

Ni mimi,
Kendi