Roshani ya Mama, Tononoka

Nyevu ndugu yangu, uko? Nimejifungia chooni kwa shemeji Tsofa, hapa Tononoka. Nakuandikia upesi.

Wazikumbuka zile mbao za msaji za roshani ya mama, kwetu Mji wa Kale? Tsofa ndiye aliyezibomoa. Akatwambia zimeliwa na mchwa, amezichoma moto. Akatuwekea msonobari, eti ukuta wa kale wataka mbao nyepesi. Nyepesi kweli! Nguvu je? Ukiegemea zapinda, na wanangu hucheza pale.

Leo katualika chakula. Kanipandisha juu nione roshani yake mpya.

Nyevu, nimeiona alama ya chetezo! Pale mama alipokuwa akifukiza udi kila Ijumaa, hata ubao ukaungua duara. Ile ile! Kaipaka vanishi, lakini ipo. Nimeigusa kwa kidole changu.

Nikamuuliza, "Mbao hizi umezitoa wapi, shemeji?"

Wallahi hakupepesa jicho. "Msaji wa zamani huo. Haulemei ukuta, na nguvu unazo. Egemea tu, usiogope."

Nikaegemea, Nyevu. Haukupinda hata kidogo.