Nyota ya Utulivu

Kaka,

Salamu nitakupa nikipoa. Bati linalovuja nimeliziba mwenyewe.

Shuleni kwa binti yako wameacha viboko. Siku hizi mwenye tabia nzuri hubandikwa nyota ya karatasi mbele ya shule nzima. Hilo silipingi. Lakini juzi mwanao kapewa nyota ya utulivu, wote wakampigia makofi. Mwalimu akaniambia, "Hongera kwa malezi, mtoto hana kelele kabisa!"

Nusura nimrukie. Utulivu gani? Mtoto aliyekuwa akiongea kama cherehani, tangu uondoke bila kumuaga hajafungua kinywa!

Nyota hiyo umeitolea jasho wewe. Nimeitia ndani ya bahasha hii. Ibandike kifuani, mkeo mpya akupigie makofi.

Dada yako niliyechoka kukutetea