Faida Alipocheka Gizani

Neema mujukuu wangu,

Huku Kadutu tuko wazima, na mbuzi yako imezaa. Unauliza kwa nini dada yangu Faida anacheka kwenye foto ya ndoa yake. Wakati ule wa Zaïre bibi arusi alinuna, watu wasiseme anafurahia kuacha wazazi.

Lakini mvua ilileta giza, umeme ukakatika, na mimi mupiga foto sikuwa na flashi. Faida akaninong'oneza mimi mukubwa wake, "Yaya, weka chini apareyi yako ya foto, hakuna kitu itaonekana," akacheka. Nikapiga tu. Kisha nikaacha filimu ndani ya dawa ya kutoa foto kupita muda wake, mpaka uso wa Faida ukatoka, wenye chembechembe kama mchanga.

Maman yetu, aliyeogopa kwamba tumemwoza Faida kwa nguvu, akakataa kula tangu siku ya ndoa, aliishika foto ile kwa muda mrefu. "Kumbe alipenda," akasema, akaomba chakula.

Nakukumbatia,
Koko wako