Maji ya Mghoi

Kisauni, Mombasa

Kwako Mama yangu,

Shikamoo, Mama. Natumaini barua hii itakukuta umeketi jikoni kwako, mguu umepunguza maumivu na mvua imeshanyesha huko Taita. Mimi ni mzima. Nala vizuri, nalala vizuri, na mwili umeanza kunirudia. Dada Mkawasi, wewe unayemsomea Mama, nawe shikamoo. Nakuomba usiruke mstari hata mmoja, hata kama utakuchoma. Tena kabla hujaendelea, mwite kaka yetu Mwakio aje aketi hapo asikie. Ningempigia simu angekata. Barua haikatiki.

Tangu nitoke jela naishi hapa Kisauni, kwenye nyumba ya kanisa inayowapokea wanaume waliofungwa na hawajui pa kuanzia. Msimamizi wetu ni Mzee Katana, Mgiriama wa Kaloleni, na yeye mwenyewe alifungwa ujanani. Asubuhi tunasali, mchana tunafyatua matofali ya saruji uani, jioni tunapika kwa zamu. Lango halina kufuli. Mama, ungecheka. Siku za mwanzo nilikuwa naamka alfajiri, nasimama nyuma ya mlango, nangoja mtu aje anifungulie, na mlango wenyewe uko wazi. Wenzangu hawakunicheka, kwa maana kila mmoja aliwahi kusimama pale pale. Na kengele ya shule ya jirani ikilia, nilikuwa nachuchumaa kama tulivyokuwa tukihesabiwa. Siku moja nilichuchumaa na sufuria ya mchuzi mikononi, ukamwagika, tukala ugali mkavu sote.

Nayasema haya ili Mwakio ajue alichonifanyia. Ni yeye aliyeleta zile nyaya za shaba za wizi chumbani kwangu Changamwe, akazisukuma chini ya kitanda changu, akasema ni mzigo wa rafiki. Polisi walipokuja akanitazama kama mpangaji asiyenijua. Mahakamani akashika Biblia akasema, "Vitu ni vya Mwadime. Mimi nilikuja kulala tu." Ndugu wa tumbo moja. Muda wote niliokaa ndani hakuja kunitazama. Baba alipofariki, habari niliipata kwa mfungwa mgeni aliyetoka pande za kwetu, na kaburi lilikuwa limeshaota majani. Mwakio ndiye aliyetupa udongo wa kwanza, kwa mkono ule ule ulioshika Biblia. Sijasahau na sitaki kusahau.

Sasa mmeniletea habari kwamba binti yake, Mghoi, hapati nafuu. Hospitali wanampa dawa, homa inatulia, kisha inarudi. Nanyi wazee wamewaambia ni hasira yangu, kwamba baba yake mdogo ana kinyongo, na kinyongo cha ndugu humwangukia mtoto. Kwa hiyo nije nitase kama desturi yetu: nitie maji kinywani, niyateme, niseme hasira imetoka.

Mama, sitakuficha. Nilifurahi. Nilisema, kumbe nina nguvu na nilikuwa sijui. Aliyenifunga sasa hapati usingizi kwa ajili yangu, nami sijainua hata kidole. Siku hiyo nilifyatua matofali nikiimba. Nilipanga nisiwajibu kabisa. Nilitaka aje mwenyewe mpaka hapa, apige magoti kwenye saruji mbichi, nami nimwambie angoje, nina kazi.

Hapa, kila Alhamisi kwenye maombi, aliyemsamehe adui yake husimama akatangaza. Mimi sijasimama hata mara moja, na Mzee Katana hajanilazimisha. Yeye husema kusimama na kudanganya ni wizi mwingine. Aliponisikia naimba alikuja kuniuliza nimepata heri gani, nikamweleza yote. Nilidhani atanisomea mistari, au ataicheka desturi yetu. Aliniuliza tu mtoto ni mkubwa kiasi gani. Nikamjibu simjui, alizaliwa nikiwa ndani, sijawahi kumtia machoni. Mzee aliendelea kuchanganya saruji, kisha akasema, "Basi, mwanangu, mtoto huyo naye anatumikia kifungo cha mwenziwe."

Nilitupa koleo nikaondoka. Nilimkasirikia Mzee hata chakula sikukigusa. Lakini neno lake lilikataa kunitoka. Nani anakijua kifungo cha mwenziwe kuliko mimi? Tena mimi nilikuwa mtu mzima, na nilimjua aliyenitia ndani. Mghoi hajui lolote. Nikaona aibu kwa zile nyimbo.

Kwa hiyo nakuja. Mzee Katana amenipa ruhusa, nitafika mwisho wa mwezi. Mwakio asianze kutabasamu. Kutasa hakufanywi kimya kimya. Mwenye hasira huisema kwanza, ndipo huitema. Nitaisemea kwenye kaburi la Baba, wazee wote wakisikia: nyaya, kitanda, Biblia, udongo. Nitasema polepole, na asinikatize mtu. Maji ayateke Mwakio mwenyewe kule mtoni chini, apande nayo mlima mchana kweupe watu wakimwona, kisha asimame ameshika kibuyu hadi nimalize.

Mghoi mumkalishe mapajani pangu. Nitamtemea maji kifuani, nimwambie awe mzima, akue, acheze. Dawa za hospitali aendelee nazo. Wazee wakisema hasira haigawanyiki, waambieni mimi nimeshaigawa. Fungu la mtoto nitalitema. Fungu la baba yake nitalimeza hapo hapo, mbele yake, alione likishuka kooni.

Nisalimie shangazi aliyekuwa akiniletea ndizi mbivu gerezani kila alipopata nauli, ingawa wakati wa msiba wa Baba hakuipata, sijamsahau. Nisalimie mjomba seremala, na majirani walioimba kwenye mazishi ya Baba. Mke wa Mwakio hana kosa kwangu. Mwambieni siku hiyo amvike mtoto nguo nzuri. Dada Mkawasi, asante kwa kusoma mpaka hapa, najua sauti imekukauka.

Mwakio msimpe salamu zangu. Mpeni kibuyu.

Ni mimi mwanao,
Mwadime