Meza Nne na Wali Usio na Chumvi

Jumatano, 10 Septemba

Na hata hivyo bado nasema hakuna mwanamume mzuri kama mume wangu Bakari kuanzia hapa Bofu mpaka kwetu Mtongwe. Macho yale! Akinitazama nasahau jina langu. Basi leo hakunitazama.

Wiki hizi zamu yake bandarini ni ya usiku, kwa hiyo mchana ni wetu. Nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tukakaa mkekani, sinia moja, kama siku za fungate. Simu mkono wa kushoto. Anacheza poka ya karata mtandaoni na watu asiowajua, meza mbili kwa pamoja, yaani michezo miwili kwenye kioo kimoja. Meza moja, anasema, humtia pupa: akichoka kungoja hucheza hata karata mbovu.

Nyumba yetu haina meza hata moja. Yeye anazo mbili.

Ijumaa, 12 Septemba

Meza nne. Katoka msikitini, kanzu hajaivua, ameshazifungua. Mikono yote ina kazi, ati nimlishe. Siku za fungate nilimlisha tonge kwa tonge, tukicheka, akiniuma vidole. Leo anaachama tu, macho kwenye kioo cha simu, kama kinda la ndege. Punje ndevuni. Mafuta ya samaki kwenye simu. Nimeona kinyaa. Mume wangu wa mwezi mmoja! Sikujua mtu anaweza kupendwa na kuonewa kinyaa katika tonge hilo hilo.

Jumapili, 14 Septemba

Leo nimejua. Alama anazochezea ni za bure, kama alivyoniambia tangu mwanzo; hapo hakuniongopea. Lakini anajipima. Akiweza kushika meza nne wiki nzima bila kukosea, ataweka pesa. Akiba yetu ya kununulia kitanda.

Kamari. Chumbani mwangu. Na aliniambia akitabasamu, kama aliyeniletea asumini. Nalipenda tabasamu lile kuliko vitu vyote duniani. Leo limenichefua.

Nikamwambia ni haramu. "Bado, Mwanasiti. Sasa hivi ni mchezo tu."

Jumatatu, 15 Septemba

Nimepika bila chumvi. Wali na mchuzi. Makusudi.

Meza nne. "Tamu, habibti."

Jumanne, 16 Septemba

Nimemwomba apunguze. Meza mbili. Chumvi hakuna. Nami nilikula hivyo hivyo.

"Tamu."

Jumatano, 17 Septemba

Moja tu, nilimsihi, kwa ajili yangu. Akafunga zote akabakisha moja. Moyo ulinienda mbio kama siku ya harusi. Nikamtia tonge mdomoni, nikangoja. Akatafuna. Akameza.

"Mikono yako ina utamu, habibti."

Nilitoka uani nikatema mate. Bora angenitukana. Si wingi wa meza, basi. Hata kwenye moja mimi sipo.

Jioni mama akapiga simu. "Mbona huji? Au huyo bwana kakufungia kabatini?" Nikacheka. Nikamwambia hajambo, anakula vizuri.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimemwambia yote, sinia ikiwa kati yetu. Siku tatu bila chumvi, na leo ya nne. Alibisha. "Wallahi ningejua!" Akaweka simu chini, akamega tonge mwenyewe, akatia mdomoni. Akalitema kiganjani.

"Mwanasiti! Umenilisha nini hiki?"

"Ulichokisifu."

Nikamwuliza: chumvi ya kinywani mwako hukuijua, utazijua karata za watu usiowaona? Alinitazama. Alinitazama hasa, kwa mara ya kwanza wiki hii, na uso wake ulikuwa na haya.

Ameufuta mchezo kwenye simu mwenyewe, sikumwambia. Najua kuurudisha ni kazi ndogo. Sijatulia bado, na ule mdomo ulioachama sijausahau.

Lakini aliinuka akaenda jikoni, akarudi na kopo la chumvi. Akanyunyiza upande wangu kwanza.

Kwa mama tutakwenda kabla mwezi haujaisha, sote wawili. Mama atapika. Mimi nitakaa nimtazame Bakari akila.