Ganda Lililokwama Bundukini mwa Amuri

Jumatano, Kasongo. Mvua inanyesha tangu asubuhi na sijafungua karakana. Wateja wawili wamepiga hodi. Sikuitika.

Mimi ni fundi wa bunduki za wawindaji. Mwezi uliopita Amuri, mume wa dada yangu Zaina, alikuja kutoka Kabambare na bunduki yake ya komeo, ile ya kuvuta kwa mkono kila baada ya risasi.

"Shemeji, ganda iko inakwama," aliniambia. "Nikipiga, navuta komeo, yenyewe inabakia mule ndani. Naitoa na fimbo."

Niliitazama ndoano inayovuta nje ganda tupu la risasi iliyokwisha kupigwa, nikaona imelika. Nikainoa kwa tupa, tukapiga risasi moja nyuma ya nyumba. Ganda likaruka nje. Amuri akacheka, akanikumbatia.

Chumba cha risasi, pale nyuma ya mtutu inapokaa kabla ya kupigwa, sikukimulika kwa tochi. Nilijua kinapaswa kumulikwa. Lakini nilikuwa nimeshasifiwa.

Jumamosi iliyopita nyati aliingia kwenye mashamba ya mpunga kule kwao, Amuri akaitwa. Jirani aliyekuwa naye ndiye aliyenisimulia. Risasi ya kwanza ilimpata nyati begani. Amuri akavuta komeo, likarudi tupu. Akavuta tena. Nyati alimfikia akiwa bado anavuta.

Jumapili habari ilinifikia, nikapanda pikipiki hadi Kabambare. Nilifika wameshamzika.

Bunduki ilikuwa imeegemezwa ukutani, ganda bado limo. Nikaligonga kwa fimbo mpaka likatoka, nikamulika kwa tochi. Kutu ilikuwa imechimba vishimo kila upande, na ganda lilipotanuka kwa moto wa baruti liling'ang'ania humo. Ndoano niliyoinoa ilikuwa imenyofoa ukingo wa ganda, basi. Kukisugua kile chumba kungenichukua saa moja.

Saa moja.

Zaina alikuwa ameketi na wanawake wa msibani. Nikamwita kando, nikamweleza yote. Hakulia.

"Ulijua?"

"Nilijua pa kutazama, dada. Sikutazama."

Alikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Ile maneno usiseme mbele ya watoto," akasema. "Wanakupenda. Na usirudi huku mpaka nikuite."

Hajaniita.

Rafuni zimebaki bunduki nne za watu. Mbili nilikwisha kusema ziko tayari. Kesho nitazifungua zote upya, nianzie ndani, na kila mwenye bunduki nitamwambia kwa nini.

Nitaanzaje kulisema jina la Amuri?